Karo ya Fundi

Gari lililoshuka melini Mombasa bado linadhani liko Japani. Ukilitia ufunguo, sauti ya mwanamke inatoka ndani ya dashibodi na kukukumbusha, kwa Kijapani cha adabu, kwamba hujachomeka kadi ya kulipia barabara. Ukizima na kuwasha tena, anarudia yale yale. Nimesafiri na mama yule kutoka Changamwe hadi Malaba, na kutoka Malaba hadi Nakawa, nikiwa kijana wa miaka ishirini na ushei, katika magari ambayo hata moja halikuwa langu. Nilikuwa dereva wa transiti. Wafanyabiashara wa Kampala waliagiza magari, meli zikayashusha bandarini, na sisi tukayafikisha kwa barabara, zaidi ya kilomita 1,100, mpaka kwenye yadi za forodha ambazo Kampala nzima inaziita bondi. Unakabidhi ufunguo, unatia sahihi, unapanda basi la usiku kurudi pwani.

Kazi ile inamfundisha mtu magari kuliko hata mwenye mali. Mwenye gari analijua lake moja. Mimi wiki hii nilikuwa na Ipsum, wiki ijayo Corona, kisha Pajero, kisha kile kigari cha Vitz tulichokidharau mpaka tulipoona kinavyobania mafuta. Breki tulizipima kwenye mteremko wa Mai Mahiu. Injini tuliipima kwenye mlima wa kwenda Timboroa, huko juu zaidi ya mita 2,500, hewa nyepesi na malori yanatambaa mbele yako. Gari lenye ugonjwa wa kuficha lilikuwa linautapika hapo.

Tulijifunza pia kusoma visivyokusudiwa tuvisome. Kwenye fremu ya mlango wa dereva, au chini ya boneti, mafundi wa Japani hubandika kijikaratasi kila wanapobadilisha oili, wakaandika tarehe na kilomita. Mwaka huuandika kwa hesabu ya wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo ukikuta 17 unajumlisha 1988, unapata 2005. Sasa dashibodi ikikwambia gari limetembea kilomita 62,000, na kijikaratasi kinasema lilipita 140,000 miaka mitatu kabla, umeshajua kuna mtu aliyeichezea mita. Madalali nao walikuwa wajanja, wakawa wanavibandua. Lakini mikanda ya viti ina lebo iliyoshonwa karibu na sakafu, yenye mwaka wa kuundwa, na hiyo wengi waliisahau.

Elimu hiyo ndiyo iliyonipatia kiti kwa watu wa Jumapili.

Chini ya kilima cha Naguru, si mbali na bondi za Nakawa, palikuwa na uwanja wa kuoshea magari. Vijana wenye mabuti ya mpira, pampu inayonguruma, mabenchi mawili ya mbao, na mama mmoja akikaanga rolex, ile chapati ya Kampala inayoviringishiwa mayai na nyanya. Kila Jumapili watu walileta magari hata yaliyokuwa masafi. Jambo lenyewe lilikuwa kukaa na kuyazungumza. Nilianza kwenda pale kungojea basi la usiku, na nilipohamia Kampala moja kwa moja, nikaendelea kwa sababu nisingeweza kuacha.

Mwanzoni nikifungua mdomo walinyamaza. Katika Kampala ya wakati ule, watu wa makamo walikuwa wamekisikia Kiswahili kwa askari kwenye kizuizi cha barabarani mara nyingi zaidi kuliko kwa mtu anayeagiza chai. Walinizoea walipogundua kwamba nina habari: najua gari gani limeanza kumiminika bandarini, gari gani linachemsha likifika Voi, gari gani lina redio nzuri lakini haishiki stesheni. Maana redio za Japani ziliishia karibu na 90. Gari jipya likiingia Kampala lilishika Sanyu kwenye 88.2 na CBS, redio ya ufalme wa Buganda, kwenye 88.8, lakini Capital kwenye 91.3 na Simba kwenye 97.3 zilikuwa nje ya uwezo wake, mpaka fundi wa redio akufungie kile kidude cha kuhamisha masafa. Tajiri aliyemaliza kulipa mamilioni ya ushuru anaketi ndani ya gari lake jipya na hawezi kusikiliza stesheni anayoipenda.

Nasema gari jipya, na msomaji wa Tokyo angecheka. Kenya hawasajili gari lililopita miaka minane. Uganda haikuwa na kizuizi cha namna hiyo mpaka 2018, sheria ilipopiga marufuku kuingiza gari la miaka 15 au zaidi tangu liundwe. Ndiyo kusema niliendesha magari yaliyoshuka Mombasa ambayo Mombasa yenyewe isingeyakubali. Yalipita Kenya kama abiria, yakaenda kuwa modeli mpya upande wa pili wa Malaba.

Watu wa benchi walijuana kwa vyeo vya heshima, si kwa majina. Palikuwa na Ssalongo, baba wa mapacha, mhasibu, mwenye Premio ya rangi ya fedha ambayo hakuwahi kuipenda wala kuichukia. Palikuwa na Hajji, mzee wa Old Kampala, mwenye Peugeot 504 iliyokuwa na umri wa kupewa pensheni. Palikuwa na Nnalongo, mama wa mapacha wengine kabisa (utani kwamba ni mke wa Ssalongo ulikuwa umechakaa kabla sijafika), mfugaji wa kuku upande wa Mukono. Na palikuwa na fundi. Yeye hakuwa na gari. Alikuja kwa boda, kucha nyeusi hata Jumapili, akasikiliza zaidi ya alivyosema.

Kila modeli mpya iliyotajwa, Ssalongo alikuwa na swali moja: "Spea zake zipo Kisekka?"

Kisekka ni soko la spea katikati ya jiji, lililopewa jina la Samson Kisekka, waziri mkuu wa kwanza wa Museveni. Humo utapata taa ya nyuma ya gari lililopata ajali jana na bampa ya gari ambalo mwenyewe hajajua kama limeibiwa bampa. Ssalongo alikuwa na hesabu yake, na hesabu yake haikuwa na kasoro. Ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, ushuru wa mazingira uliofika 50 kwa magari makuukuu. Ukishalipa hayo yote, alisema, huna ruhusa ya kununua kitu ambacho hakuna mtu anayejua kukifungua. Ndiyo maana jiji limejaa Toyota. Wageni hudhani Waganda wanaipenda Toyota. Hapana, wanaweza hesabu. Gari ambalo kila fundi analijua na kila dalali ataliuza kwa wiki moja, hilo ndilo gari.

Kwa muda mrefu niliona Ssalongo ndiye mwenye akili pale na waliobaki wana mapenzi tu. Kilichonibadilisha ni D4.

Toyota walileta injini waliyoiita D4, ikaingia kwenye Corona Premio na kisha kwenye Premio zenyewe. Katika injini ya kawaida, petroli inachanganyika na hewa kabla ya kuingia kwenye silinda. Katika D4 inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Mitsubishi walikuwa na yao, GDI, waliyoanza nayo kwenye Galant ya 1996. Kwa petroli safi, ni injini nzuri, haili sana. Lakini ile pampu ya shinikizo na zile nozeli hazivumilii uchafu, na kwa kuwa petroli haipiti tena juu ya vali za kuingizia hewa kuziosha, masizi yanajijenga humo mpaka injini inakosa pumzi. Japani hilo halikuwasumbua. Kampala, ambako watu walijaza tangi popote taa ya mafuta ilipowakia, lilikuwa jambo jingine.

Kijana mmoja wa benki alikuja benchini na Premio ya D4, viti bado vina nailoni. Tulimzunguka, tukafungua boneti, tukasifu. Baada ya miezi michache gari likaanza kuzimika kwenye foleni ya Jinja Road, likawa gumu kuwaka asubuhi, likawa linatetemeka likisimama. Akalizungusha kwa mafundi. Mmoja akabadilisha plagi. Mwingine akabadilisha koili. Mwingine akaosha nozeli kwa kitu ambacho nadhani kilikuwa dawa ya kuondoa rangi. Mwisho wakafanya walichofanya mafundi wengi wa jiji wakati ule: wakaing'oa injini nzima na kufunga ya kizamani, ya Toyota ileile, isiyo na maajabu. Si muda mrefu madalali wakaanza kulisifu gari kwa kitu lisichokuwa nacho. "Hii si D4, bosi."

Kijana yule alicheka na kulia, akauza, akanunua Premio kama ya Ssalongo. Ssalongo hakumsimanga, lakini alikunywa chai yake kwa furaha isiyofichika.

Fundi ndiye aliyesema neno lililonikaa. Alisema yule kijana amelipa karo, na wanafunzi wametoroka darasani.

Nikaanza kuyaangalia mazungumzo yetu kwa jicho lile. Anayenunua gari lisilojulikana anamlipia fundi masomo. Fundi wa Kampala hana chuo cha Toyota cha kumwita kila modeli mpya inapotoka, na hata akiwa nacho hana nauli. Anasomea kwenye gari la mteja, kwa pesa ya mteja, na ada inakuwa kubwa kwa mteja wa kwanza. Wa pili analipa nafuu. Wa ishirini, ambaye kwa kawaida ni mtu kama Ssalongo, anakuta somo limekwisha, spea zimejaa Kisekka, bei imeshuka, na anajiita mwerevu.

Nilipomtupia Hajji wazo hilo, alilipokea kana kwamba nimechelewa sana kulifikia. Yeye alikuwa mtoto wakati mbio za Safari, zilizoanza 1953, zilipokuwa zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na alikuwa bado anazihesabu. Peugeot 404 ilishinda mara nne kati ya 1963 na 1968. Ndipo Afrika Mashariki nzima ikapanda Peugeot, teksi za masafa marefu zikawa Peugeot, na yeye mwenyewe akaishia kwenye 504 asiyoweza kuiacha. Magari ya Japani, alisema, yaliitwa makopo. Kisha Datsun ikashinda 1970 na 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann. Mwaka 1973 akaja Shekhar Mehta na Datsun 240Z, akamaliza sawa kwa pointi na Harry Källström wa Sweden, mwenye Datsun nyingine, ushindi akapewa Mehta. "Baada ya hapo," alisema Hajji, "nani atakwambia kopo?"

Hajji alimtaja Mehta kwa sauti tofauti. Alizaliwa Uganda, katika familia ya Kihindi yenye mashamba. Mwaka 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka, na familia ile nayo ikaenda Kenya. Miezi michache baadaye mtoto wao akashinda Safari, akaja kushinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara tano. Kwa miaka mingi hakuna aliyemfikia. Kila aliposhinda ilisomwa Kenya, na Hajji kila mara alirudia kwamba huyo alikuwa wetu, akiwa bado na hasira kwa jambo ambalo wengi waliokuwa wakioshewa magari pale hawakuwa wamezaliwa lilipotokea. Sijui kama alikuwa akiomboleza mbio au jirani. Kwenye mitaa ya Old Kampala aliwajua wengi walioondoka, na aliyaona magari yao yakiendeshwa na watu wengine.

Lakini hoja yake ilisimama. Safari ilikuwa mahali pa kulipia karo hadharani. Kampuni ilivunja magari yake yenyewe kwenye matope yetu, na sisi tukasimama kando ya barabara tukijifunza bure ni gari lipi lina mifupa. Sasa mbio zimebaki, na Uganda bado ina watu wake. Mwaka 2011 Susan Muwonge alikuwa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa taifa, na Nnalongo alinunulia benchi zima soda. Ila gari la mbio la leo na Premio ya sokoni hazina undugu tena. Anayevunja gari kwa niaba ya umma amebaki yule mpenzi wa magari, peke yake, kwa mshahara wake.

Na Nnalongo alikuwa mmoja wao, ingawa asingekubali kuitwa hivyo. "Ninyi mnapenda magari kwa mdomo," alituambia. "Mimi nimeweka shilingi." Alinunua Prius ya kizazi cha pili wakati ambapo hatukuwa tukijua mtu mwingine mwenye nayo. Sababu yake ilikuwa mafuta. Kila siku alikuwa kwenye foleni ya barabara ya Jinja, kutoka Mukono na kurudi, na gari linalozima injini likisimama lilikuwa linamwekea akiba pale ambapo wote tunachoma petroli bure. Ssalongo aliuliza swali lake. Jibu lilikuwa hapana, hazipo.

Mwaka wa pili taa nyekundu ya pembetatu ikawaka. Gereji moja yenye sakafu ya vigae ilimtajia bei ya betri mpya iliyokaribia bei ya gari. Akaja benchini Jumapili, akaegesha, akamtazama fundi.

Kazi ilifanyika kwenye kibanda chake cha Ndeeba, na nilikuwepo kwa sababu niliombwa kushika tochi. Fundi alikuwa amesoma alichoweza kwenye simu na alikuwa na hofu, jambo lililonipa imani naye. Nyaya za rangi ya machungwa ndizo za kuua. Hilo alilirudia mara nyingi. Alifungua buti, akachomoa plagi ya usalama, nayo ya machungwa, akaiweka mfukoni mwake ili mtu asije akairudisha kwa wema, kisha tukangoja umeme uliobaki ufe. Mikononi alivaa glavu nene za mpira alizoazima kwa binamu yake, mtu wa kupanda nguzo za umeme. Ndani ya boksi kulikuwa na vipande 28 vimepangwa kwa mstari, kila kimoja volti 7 na kidogo, jumla zaidi ya volti 200. Vipande vya shaba vinavyoviunganisha vilikuwa vimeota kutu ya kijani. Alivivua, akavilowesha kwenye maji ya ndimu, akavisugua kwa msasa mpaka vikang'aa.

Akapima kila kipande kwa mita, akaandika namba kwa wino mweupe wa kufutia makosa. Vyote vilionekana vizima. Nikadhani tumekwama. Fundi akachukua balbu ya taa ya mbele ya gari, akaiunga kwenye kipande kimoja kimoja, akahesabu muda huku anatazama mita. Hapo ndipo siri ilipotoka. Vilivyo vizima viliibeba balbu. Vitatu viliporomoka mara moja, na kimoja kati yake, ukikitazama vizuri, kilikuwa kimevimba ubavuni. Vya kubadilisha tulivipata kwenye Prius iliyogongwa, kupitia dereva wa transiti niliyemjua, na vikaja Kampala ndani ya begi lake la nguo.

Gari likatembea. Miezi michache baadaye likawasha taa tena, kwa sababu fundi alikuwa amechanganya vipande vyenye nguvu na vilivyochoka bila kuvilinganisha. Vilivyochoka vikafa kwa kubebeshwa. Nnalongo akalipa tena. Safari hii fundi alivichaji na kuvimaliza kimoja kimoja kwa siku kadhaa, akaviandika kwenye daftari la shule, akavipanga vinavyofanana. Daftari lile bado analo. Baada yake zilikuja Prius nyingine, kisha Aqua, na kazi iliyomgharimu Nnalongo wiki mbili na pesa za kuku wengi ikawa ya siku moja na nusu, kwa bei isiyofika nusu.

Nnalongo alipozisikia bei hizo alikwenda Ndeeba kudai hisa. Sitanii. Alisimama mlangoni akasema kibanda hiki nimekijenga mimi. Walijadiliana mbele ya vijana wote, na ikaamuliwa kwamba ufundi kwake ni bure siku zote, analipia spea tu. Naona ni mkataba wa haki kuliko mingi niliyowahi kuona ikitiwa sahihi mbele ya mawakili.

Serikali nayo ililipa karo. Novemba 2011 Makerere walizindua Kiira EV, gari dogo la kijani la watu wawili linalotembea kwa umeme, lililotengenezwa na wanafunzi na walimu wao. Mwaka 2014 likafuata gari la mseto la familia, na Februari 2016, pale uwanja wa Namboole, wakaonyesha Kayoola, basi la umeme lenye paneli za jua juu ya paa. Sasa kuna kampuni, Kiira Motors, na kiwanda Jinja. Benchini mabishano yalichukua miaka. Ssalongo alitaka kujua gari la watu wawili litabebaje mapacha. Mimi nilikuwa upande wa Makerere na bado niko huko, kwa masharti. Nnalongo alipochoma pesa, zilikuwa zake, na alijua nani amefaidika. Alikwenda akamgongea mlango. Pesa ya umma ikilipia masomo, mlipa kodi anahitaji mlango wa kugonga pia. Nani amejifunza kuunda betri? Wako wapi leo wale vijana wa 2011, na wanafundisha nani? Maswali hayo hayaulizwi sana. Watu huuliza kama basi linapendeza.

Barabara zetu zina maoni yao juu ya modeli mpya, nayo ni mafupi. Mwaka 2018 ilifunguliwa barabara ya kasi ya Entebbe, na kwa mara ya kwanza wenye Subaru wa benchini walipata mahali pa kujua kama gari linanyooka kwenye kilomita 100 kwa saa, ambazo ndizo mwisho kisheria na ndipo nitakapoishia kuandika. Tangu 2022 gari dogo linalipa shilingi 5,000. Ukitoka hapo unarudi mjini kwenye mashimo. Aprili 2023 mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo aliwaita watu mtandaoni waonyeshe mashimo ya mitaa yao, maonyesho ya sanaa kwa kejeli, na Kampala ikaleta picha kwa siku nyingi mfululizo. Fundi aliziangalia zote kwa makini ya kibiashara. Alisema shokomzoba zitapanda bei.

Uwanja wa Naguru umebaki, ingawa pampu ni mpya na rolex imepanda. Hajji hatunaye tena. 504 anayo mjukuu wake, na analipa karo ya aina yake kutafuta spea. Ssalongo sasa ana Aqua. Aliinunua baada ya kuuliza Kisekka, wakamjibu zipo. Nnalongo alimpongeza kwa maneno ambayo sitayaandika.

Miezi michache iliyopita aliingia kijana na Nissan Leaf, ya umeme mtupu. Hakuna moshi, hakuna mlio, vijana wa kuosha wakaruka pembeni. Ikabidi hesabu ifanyike palepale. Betri ya yuniti 24, kijana alisema, ikiwa nzima inampeleka kilomita mia na kidogo. Yaka, umeme wa kulipia kabla, kwa takriban shilingi 800 yuniti ni kama 19,000. Ssalongo akapiga za petroli, lita kumi kwa 5,000, akarudia kwa kikokotoo cha simu, akakunja uso. Nnalongo akauliza mvua ikinyesha na umeme ukakatika Mukono usiku kucha, kuku atawapelekaje asubuhi. Kijana akasema bwawa la Karuma limewashwa, megawati 600, nchi ina umeme usio na wa kuutumia. Nnalongo akasema umeme uko Karuma, waya wa kwake ndio unaokatika. Kelele zikaanza.

Fundi alikuwa ameshalizunguka gari lile, amepiga magoti, kichwa kiko chini ya sakafu ambako betri imelala. Alipotoka alimwuliza kijana kama linaonyesha vijistari vingapi vya afya kwenye dashibodi. Tisa, kati ya kumi na mbili. Fundi akatikisa kichwa, akasema vikishuka zaidi aletewe.

"Utanitoza ngapi, ssebo?" kijana akauliza.

"Wewe lilete tu," fundi akamjibu, anajifuta magoti. "Bei tutaizungumza likija la pili."